Uongozi Unaanzia Stejini

Je, wajua jina "boda boda" lilizaliwa mpakani Busia? Miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli waliona wasafiri wakitembea na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Hawakungoja kuajiriwa. Walianza kuwabeba, wakiita wateja, "Boda! Boda!" Tangazo fupi, lakini kila mtu alijua anapelekwa wapi. Funzo la kwanza: kiongozi huona shida, kisha husema wazi atafanya nini.

La pili linatoka Vienna, 12 Oktoba 2019. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40, wenzake zaidi ya 30 wakipokezana kumkinga upepo. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha mwingine anafika.

Sasa tuje kwa chama chenu. Umechaguliwa mweka hazina wa steji ya Malaba, ama wa kina mama wa mitumba Busia. Pesa za wenzako ziko kwa simu yako. Utaongoza vipi?

- Usichanganye michango na pesa zako za matumizi.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kukubali pesa zitumwe. Ukikosea namba moja tu, karo ya mtoto wa mwenzako imeenda kwa mgeni.
- Ukikosea, piga simu huduma kwa wateja hapo hapo.
- PIN haiambiwi mtu, hata mwenyekiti.
- Ukituma pesa, wajulishe wanachama siku hiyo hiyo.

Siku mtu akiuliza, "Pesa zetu ziko wapi?" fungua simu umwonyeshe.