Binamu wa Sukumawiki Mlimani

Sukumawiki ikiachwa bila kuchumwa hupandisha bua na kutoa maua. Chuma ua moja ulitazame: petali nne zimekaa msalaba, na katikati vijiti sita vya chavua, vinne virefu na viwili vifupi. Ndiyo alama ya ukoo wa haradali, walimo pia kabichi na figili. Ukipanda Mlima Kenya au Kilimanjaro ukaupita msitu, utaikuta alama hiyohiyo penye mawe yenye unyevu, safari hii kwa rangi nyeupe. Mmea huo unaitwa Arabis alpina.

Jina, alilolitoa Linnaeus mwaka 1753, linaupeleka kwenye milima ya Alps. Lakini wa kwetu haukutoka huko. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba chimbuko lake ni Asia Ndogo, ilipo Uturuki ya leo. Kundi moja likashika njia ya Ulaya, jingine likaja Afrika Mashariki.

Kinachonivutia zaidi ni namna unavyojiwekea akiba. Mimea mingi ya msimu mmoja ikishachanua humaliza kila kitu: mbegu zinakomaa, mmea unakauka. Huu huchanua, ukazaa, na mwakani ukarudia. Mwaka 2009 watafiti wa Köln, Ujerumani, waliokuwa wakichunguza Arabis alpina kutoka Hispania, walieleza kazi ya jeni iitwayo PEP1. Hiyo ni breki ya maua. Baridi ya wiki nyingi huilegeza, na matumba yakatokea. Joto likirudi, breki inakaza tena: matawi yaliyokwisha kuanza maua yanaendelea, yale machanga yanabaki na majani tu, yakingoja baridi nyingine. Arabidopsis, ndugu yake wa msimu mmoja anayependwa sana maabara, ana breki ya namna hiyo pia, ila yake ikishalegea haikazi tena. Basi anachanua mara moja, akafa.

Hata baridi yenyewe haimshtui mtoto. Mche wa wiki tatu, uweke kwenye ubaridi upendavyo, hautachanua. Wa wiki tano au zaidi ndio unaoitika.

Wapo pia wa porini ambao PEP1 yao imeharibika. Hao hawangoji baridi. Huchanua mfululizo, na kwenye shina moja utaona maganda ya mbegu chini, maua juu yake, na matumba kileleni.