Lori Kuukuu la Vita: Kwanza Lisimame, Ndipo Lipendeze

Watu wengi wapendao mitambo hutamani kupata lori la zamani la jeshi na kulifanya liende tena. Tamaa hiyo si ya matajiri peke yao. Karani mwenye mshahara wa kadiri, au mkulima mwenye ghala na ua, aweza kuifanya kazi hiyo nyumbani kwake, maadamu afuate utaratibu. Lakini akiuacha utaratibu, fedha za jamaa yake zaweza kupotea bure, na maisha ya watu barabarani yakatiwa hatarini. Kwa sababu hiyo yafaa tulieleze jambo hili wazi.

Na tutwae mfano mmoja. Lori liitwalo Bedford QL lilitengenezwa na kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, tangu mwaka 1941 hata 1945. Lilikuwa lori la tani 3, nguvu ya injini yake ikipelekwa kwa magurudumu yote 4, na zaidi ya malori 50,000 ya namna hiyo yaliundwa. Injini ni ya petroli, yenye silinda 6, na nguvu za farasi 72 hivi. Katika vita vile vya 1939 hata 1945, vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza udereva na ufundi wa magari jeshini, na wengine wao wakafika Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, malori mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia. Basi kwa jamaa ambayo babu yao alishika usukani wa lori la vita, gari la namna hii si chuma kikuukuu tu, bali ni ukumbusho.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Jambo la kwanza ni hati. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8. Kwa hiyo lori la kununua ni lile ambalo tayari limo nchini. Mwuzaji aonyeshe kwamba ni lake kweli, na nambari ya chasisi ipatane na ile iliyo katika karatasi. Lori lisilo na hati ni mzigo wa vyuma tu, hata likiuzwa kwa bei rahisi namna gani.

Jambo la pili ni chasisi yenyewe, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari. Chukua nyundo ndogo, ingia uvunguni, ugonge taratibu tangu mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, na pengine huanguka vipande. Mlango uliooza waweza kutengenezwa na fundi yeyote wa jua kali, lakini chasisi iliyopinda au kuoza itakula fedha zote ulizo nazo.

Jambo la tatu, angalia kama lori ni kamili. Lori baya la sura lakini lenye vyombo vyake vyote ni bora kuliko lori zuri lililonyang'anywa vyombo. Giaboksi ya pili, ile igawayo nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ni taabu sana kuipata ikikosekana. Injini haina taabu nyingi kama hiyo, kwa maana injini za ukoo uo huo zilitiwa pia katika malori ya Bedford ya kiraia.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili laelekea karakana kama lielekeavyo duka. Kabla ya kufungua nati hata moja, piga picha kwa simu yako. Kila kitu ukitoacho kitie katika mkebe wake, ukiandika juu yake kilikotoka. Katika daftari andika tarehe, kazi iliyofanywa na fedha zilizotumika. Lori laweza kukaa katika vipande mwaka mzima au zaidi, wala hakuna mtu awezaye kukumbuka boliti 200 kwa kichwa.

BREKI NA MAGURUDUMU

Hapa ndipo fedha za kwanza ziendapo. Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani, na maji hayo huleta kutu ndani ya mabomba. Mipira ya breki iliyokaa miaka mingi hukauka ikapasuka. Kwa hiyo usitumaini breki za zamani hata zikionekana kushika. Badili mipira yote, mabomba yaliyoliwa na kutu, na mafuta yenyewe. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe mahali pa mafuta ya breki, kwa kuwa huvimbisha mipira na kuiharibu.

Vumbi lililomo ndani ya ngoma za breki za zamani ni la hatari. Breki za siku zile zilitengenezwa kwa asbesto, nayo ikivutwa pumzini huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Usilipulize vumbi hilo wala usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho ukifunge vizuri na kukitupa mahali pasipofikiwa na watoto.

Magurudumu nayo yana hila. Rimu za lori hili ni za vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa nati, mbali na nati zile zishikazo gurudumu kwenye gari. Mtu akizifungua nati za rimu tairi likiwa bado na upepo, vipande huruka kwa nguvu ya kuweza kumwua. Jeshini nati hizo zilipakwa rangi nyekundu kuwa onyo. Toa upepo wote kwanza, tena toa na kijiti cha vali, ndipo uguse nati.

KUIAMSHA INJINI

Injini iliyolala miaka mingi isiamshwe kwa ghafula. Toa plagi zote, mimina mafuta kidogo katika kila silinda, uiache siku kadhaa. Kisha izungushe kwa hendeli, kwa mkono, pole pole. Ikikataa, ongeza mafuta na kungoja. Usiivute lori kwa trekta ili kuilazimisha, maana waweza kuvunja kitu kisichopatikana. Mwaga mafuta ya zamani. Yakiwa meupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Safisha rejeta na tangi, kwa kuwa petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba kabureta. Badili nyaya zote zilizochunika, kwa sababu waya mmoja ulio wazi karibu na petroli watosha kuichoma kazi yote. Weka mchanga katika ndoo, karibu na mkono.

KUGAWA FEDHA

Twashauri kila shilingi 100 igawanywe hivi: shilingi 40 kwa breki, matairi na magurudumu, 20 kwa injini na njia ya petroli, 10 kwa chasisi na usukani, 10 kwa umeme, 10 kwa rangi na turubali, na 10 ziwekwe kando kwa mambo yasiyotazamiwa. Watu wengi huupindua mgawanyo huu, wakaanza na rangi. Lori lao husifiwa na kila apitaye, lakini likifika kwenye mteremko hakuna cha kulishika. Rangi yaweza kungoja, tena yaweza kupakwa kwa brashi na watoto wa nyumbani baada ya kuondoa kutu kwa msasa. Ikiwa wataka rangi ya kijeshi, uliza polisi kwanza kama inaruhusiwa.

Jaribu breki katika ua wako, mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Zikishika sawasawa mara nyingi, ndipo lori lipelekwe kukaguliwa na wenye mamlaka, kabla halijabeba mtu yeyote.

Neno la mwisho ni juu ya mfuko. Lori hili hunywa petroli nyingi. Halitashindana na magari ya sasa katika kuchukua mahindi sokoni. Kwa hiyo mtu asiuze ng'ombe wala asikope kwa kuweka shamba rehani ili alinunue. Atumie akiba yake ya mwezi kwa mwezi, na kazi ikome kwa muda akiba ikikoma. Faida yake ni ya namna nyingine: kijana aliyesaidia kulifungua na kulifunga lori zima, huku akiandika kila kitu katika daftari, atakuwa amejifunza ufundi utakaomlisha. Haba na haba hujaza kibaba.