Pikipiki ya Kiitaliano Tukuyu: Spea hupanga bei, si jina

TUKUYU – Mwenye pikipiki ya mbio ya Kiitaliano anayetaka kuiuza Tukuyu hugundua mapema kwamba wanaoisifia ni wengi, lakini wanaotoa fedha ni wachache. Ducati au Aprilia iliyotumika hukusanya watu stendi, kisha kila mmoja akaondoka na Boxer au TVS yake. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni fedha iliyolala.

Sababu yake ni ya kisoko. Katika wilaya ya Rungwe pikipiki hununuliwa kwa kazi. Hubeba abiria, ndizi, viazi, maziwa na pembejeo kutoka Kiwira, Katumba, Isongole au Masoko. Inayofaa ni ya cc 100 hadi 150, yenye tairi nyembamba, inayokunywa mafuta kidogo, na ambayo spea zake zipo madukani. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Mei na kilele chake ni Aprili, kwa hiyo barabara za vijijini huwa utelezi mtupu. Pikipiki ya mbio tumbo lake liko karibu na ardhi na tairi zake ni pana, za lami. Tukuyu inayo lami ya kutoka Mbeya, kiasi cha kilomita 70, lakini nje ya lami hiyo chombo hicho hakina kazi.

SPEA NA FUNDI

Mnunuzi wa mtumba wa aina hii hununua pia gharama zilizojificha ndani ya injini. Valvu za Ducati nyingi hazirudishwi na springi kama za pikipiki nyingine, bali hufungwa na mkono wa chuma. Kuzipima na kuzirekebisha kunahitaji fundi aliyejifunza kazi hiyo. Aidha, aina za miaka ya 1990 kama 916, iliyotoka mwaka 1994, na mdogo wake 748, zina mikanda ya mpira inayoendesha valvu. Mikanda hiyo hubadilishwa kila miaka 2, hata kama pikipiki haikutembea. Ukikatika mmoja, valvu hugonga pistoni na injini huharibika.

Ndiyo maana maneno "imetunzwa vizuri" hayaongezi hata shilingi. Risiti ya mikanda yenye tarehe na kilomita ndiyo inayoongeza. Pasipo risiti, mnunuzi makini huhesabu kwamba kazi haikufanyika, akakata bei.

HESABU YA MUUZAJI

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Mnunuzi wa Dar es Salaam yuko tayari kulipa Sh. 10,000,000 kwa pikipiki iliyokamilika. Mikanda na huduma ya valvu ni Sh. 900,000, tairi mbili Sh. 800,000, betri Sh. 200,000, na usafiri wa lori kutoka Tukuyu Sh. 250,000. Jumla ni Sh. 2,150,000.

Anayenunua Tukuyu ili akauze Dar es Salaam ataondoa gharama hizo zote. Ataondoa pia Sh. 500,000 za tahadhari na Sh. 1,000,000 za faida yake. Bei atakayotoa ni Sh. 6,350,000. Huyo hamwonei muuzaji. Hesabu yake ni sahihi.

Muuzaji akigharimia matengenezo na usafiri mwenyewe, hubaki na Sh. 7,850,000, yaani Sh. 1,500,000 zaidi. Lakini lazima awe na mtaji wa Sh. 2,150,000 kwanza. Akiukopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, atalipa riba ya Sh. 64,500 kila mwezi. Mnunuzi akipatikana ndani ya miezi mitatu, riba haifiki Sh. 200,000 na biashara bado ina faida. Asiye na mtaji wala mkopo nafuu, afadhali achukue Sh. 6,350,000 na kuzizungusha kwenye shughuli nyingine kuliko kuiacha pikipiki ghalani mikanda ikizeeka.

HATI KABLA YA BEI

Tukuyu iko kwenye barabara ya kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu, ambako mto Songwe hutenganisha Tanzania na Malawi. Wasafiri wa kigeni wenye pikipiki kubwa hupita njia hiyo. Chombo kilichoingia nchini kwa kibali cha muda hakiruhusiwi kuuzwa kabla ya kulipiwa ushuru na kodi za forodha. Anayekinunua kwa bei ya chee njiani anaweza kunyang'anywa, na fedha yake asiione tena.

Kwa hiyo mnunuzi aombe kwanza kadi halisi ya usajili, alinganishe namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa humo, kisha ahakikishe TRA kwamba hakuna deni wala zuio. Kadi ikiwa mikononi mwa mkopeshaji, mkopo umalizwe kabla ya fedha kubadilishana mikono.

Muuzaji naye ana hatari yake. Wengi huandikiana karatasi, wakapeana funguo na kuachana hapo. Umiliki usipohamishwa TRA, jina la zamani hubaki kwenye daftari. Ikitokea ajali au uhalifu, polisi huanza na jina hilo. Mkataba wa mauziano ushuhudiwe na wakili, pande zote mbili ziwe na namba ya mlipakodi (TIN), na ushuru wa stempu ulipwe. Nani atalipa gharama za kuhamisha, liandikwe mkatabani.

NAMNA YA KUUZA

Tangazo liwekwe mahali wanunuzi walipo, yaani Dar es Salaam, Arusha na Mbeya mjini, kwa waendeshaji wa pikipiki kubwa. Lieleze mwaka, kilomita, tarehe ya mikanda, hali ya tairi na kasoro zote. Kasoro iliyotajwa hujadiliwa bei mara moja, lakini ikigunduliwa baadaye huvunja mauzo. Mnunuzi akija Tukuyu kuijaribu, ajaribu kwenye lami kavu, na aache fedha za dhamana kabla ya kupewa funguo.

Makabidhiano yafanyike fedha zikishaonekana kwenye akaunti ya muuzaji, na maombi ya kuhamisha umiliki yakiwa yamewasilishwa TRA.