Kufundisha Kanieneo kwa Mfano wa Kabureta

Katika somo la Sayansi, kanieneo hufundishwa mara nyingi kwa fasili peke yake. Wanafunzi hukariri kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, hujibu mtihani, kisha hutoka darasani wakiamini kwamba kanieneo kubwa ni bora siku zote. Imani hiyo ndiyo tunayokusudia kuiondoa. Mfano tuliouchagua ni kabureta, chombo kisichokubali petroli iletwe kwa nguvu ya kupita kiasi. Magari mapya hayana tena kabureta, lakini magari ya zamani na pikipiki nyingi zinazopita mbele ya shule zetu bado zinayo.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Petroli huingia katika chemba ndogo ya kabureta kwa kupitia tundu jembamba. Ndani ya chemba mna boya. Petroli inapopanda, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano izibe tundu. Petroli inapotumika, boya hushuka na tundu hufunguka. Hivyo kani mbili hushindana: boya lasukuma sindano ifunge, na petroli yaisukuma ifungue.

Nguvu za boya zina kikomo, kwani haziwezi kuzidi uzito wa petroli ambayo boya hilo huisukuma kando. Kanieneo ikipita kikomo hicho, sindano haishiki. Petroli hufurika, plagi hulowa, moshi mweusi hutoka, na petroli imwagikayo juu ya injini yenye joto yaweza kuliteketeza gari. Kanieneo ikipungua mno, chemba haijai, na injini huzimika, hasa inapopanda mlima na mzigo.

Magari mengi ya kabureta yana pampu yenye kiwambo na springi. Injini hukivuta kiwambo, nayo springi hukirudisha na kuisukuma petroli. Kwa hiyo springi ndiyo iamuayo kanieneo. Sindano ikifunga, kiwambo hungoja. Kiasi cha kawaida ni kilopaskali 20 hadi 40. Injini zinazopuliziwa petroli bila kabureta huhitaji mara nyingi karibu kilopaskali 300. Atakayefunga pampu ya injini hizo kwenye gari la kabureta hana budi kuweka pia kidhibiti cha kanieneo, la sivyo boya litashindwa.

Yalikuwapo pia magari yasiyo na pampu. Ford Model T, iliyoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, iliteremsha petroli kwa uzito wake tu, kutoka tangi ambalo kwa kawaida lilikuwa chini ya kiti. Kimo cha mita 1 ya petroli huleta kilopaskali 7 hivi. Tangi lilipokaribia kukauka kwenye mlima mkali, kabureta ilikuwa juu mno kwa petroli kuifikia, na madereva walipanda kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini. Pikipiki nyingi za kabureta hutumia kanuni hiyo hiyo: tangi juu, injini chini.

Hatua za somo

Petroli isiingie darasani kabisa, hata kiasi cha kifuniko cha chupa, kwa kuwa mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Maji yatatosha. Vifaa ni chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mrija wa mita 2, ndoo, kikombe na chupa tupu yenye kizibo.

1. Fungeni mrija kwenye mdomo wa chupa iliyokatwa, mtie maji, kisha muinue chupa sentimita 50, halafu mita 1, halafu mita 1 na nusu. Wanafunzi wapime kila mara muda wa kujaza kikombe.

2. Mwanafunzi azibe ncha ya mrija kwa kidole huku chupa ikiinuliwa. Aeleze kidole chake kinahisi nini. Kidole hicho ndicho sindano.

3. Mwanafunzi aizamishe chupa tupu iliyozibwa katika ndoo, ahisi inavyomsukuma. Ikishazama yote, je, msukumo waendelea kuongezeka? Hapo atagundua kikomo cha boya.

4. Ikiwapo koki ya boya katika tangi la maji la shule, wanafunzi waitazame ikifunga na kufungua.

Baada ya hatua hizo ndipo mwalimu achore kabureta ubaoni na kulitaja neno kanieneo. Jina likitangulia, wanafunzi watalikariri. Likija baada ya kidole kuhisi, watakuwa na jambo la kulipachikia.

Katika kutathmini, tusiulize fasili. Tuulize: gari hili linafurika petroli, na fundi ashauri pampu yenye nguvu zaidi, je, mtakubali? Mwanafunzi atakayekataa na kutoa sababu amelielewa somo.