Kutia uma mwingine katika kinga: namna ya kupatanisha pete na vikombe

Kinga ni mchukuzi wa mkulima. Katika Katanga inafikisha magunia ya makala Lubumbashi. Kasumbalesa, mpakani, inavusha mahindi na unga. Katika Kasai watu wanaisukuma siku nyingi njiani, imejaa mizigo ya biashara. Mizigo yote ile, pamoja na uhai wa mwenye kinga, inaongozwa na kitu kidogo: vikombe viwili vyenye gololi, chini ya usukani.

Uma wa mbele ukivunjika, mtu hutafuta mwingine sokoni. Mara nyingi anapata uma wa kinga ya namna nyingine. Anajaribu kuutia, naye anaona kwamba pete ya zamani haiingii, ao inacheza. Basi afanye nini?

Nilimwona mkulima mmoja aliyepiga pete kwa nyundo mpaka ikaingia. Alifurahi sana. Hakuona kwamba pete imepasuka. Siku ya soko alishuka mlima na magunia mawili ya mahindi. Kipande cha pete kiliingia kati ya gololi, usukani ukakaza, akaanguka. Mfupa wa bega ulivunjika wakati wa kupanda, na shamba lake likabaki majani. Pete ni ya bei ndogo. Mwaka wa njaa ni wa bei kubwa.

I. Ujue vipande na majina yake

Shingo ya uma ni bomba linalopanda ndani ya kichwa cha fremu. Chini ya shingo, pale miguu miwili ya uma inapokutana, kuna kiti. Juu ya kiti inakaa pete ya chini, nayo lazima ikaze sana. Katika kichwa cha fremu kuna kikombe chini na kikombe juu. Gololi zinazunguka ndani yake. Juu kabisa kuna kofia yenye hesi (hesi ndiyo mistari inayozunguka shingo), kisha waya bapa wa duara wenye ulimi, kisha nati ya kukaza.

II. Pima kwanza

Usishike tupa kabla ya kupima. Tumia kipimo cha mafundi, kile cha chuma chenye taya mbili. Pima vitu vinne.

1. Unene wa shingo. Kinga nyingi za kazi zina shingo ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Kinga za zamani za Ufaransa zina milimita 25 tu.

2. Unene wa kiti. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Viko vipimo viwili vikubwa: milimita 26.4 na milimita 27.0. Kipimo cha 27.0 ni cha Wajapani, na kinga nyingi zilizotengenezwa Asia zinakifuata. Kwa macho huwezi kuvitenga.

3. Hesi. Hesabu mistari katika inchi moja. Uma nyingi zina mistari 24. Kinga nyingi za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zilikuwa na mistari 26.

4. Urefu wa shingo. Linganisha uma wa zamani na mpya, ubavu kwa ubavu.

III. Kama pete ni ndogo kuliko kiti

Pete ni ya 26.4, kiti ni cha 27.0. Usiipige. Chuma cha pete ni kigumu, nacho chuma kigumu hupasuka kama chungu.

Dawa ya kwanza ndiyo bora: unaponunua uma, nunua na pete yake. Kisha tazama kama pete ile inapatana na kikombe chako cha chini na gololi zako. Iko gololi ya milimita 4, iko na nyingine ya karibu milimita 4.8. Usizichanganye hata moja.

Kama pete haipatikani, fundi mwenye chombo cha kukatia viti anaweza kupunguza kiti cha uma mpaka kipokee pete ya 26.4. Ni kuondoa milimita 0.3 tu kila upande. Kwa tupa ya mkono kazi hii ni ya hatari: ukizidisha upande mmoja, pete itakaa mshazari, na usukani utakuwa mwepesi upande huu na mzito upande ule.

IV. Kama pete ni kubwa kuliko kiti

Pete ni ya 27.0, kiti ni cha 26.4. Pete inacheza. Hapa mkulima mwenyewe anaweza kufanya kazi nzuri.

Kata ukanda wa bati safi, lisilo na kutu, wenye unene wa milimita 0.3. Upana wake uwe sawa na kimo cha kiti, usizidi. Urefu wake uwe milimita 82, kwa sababu mzunguko wa kiti ni karibu 83. Ncha mbili zisipandane. Zikipandana, pete itainama. Zungusha ukanda juu ya kiti, weka pete, kisha tafuta bomba linalopita juu ya shingo na kugusa pete pande zote. Piga bomba polepole, ukiligeuza. Pete ikifika chini, ijaribu kwa vidole: isizunguke juu ya kiti.

Kama nafasi ni ndogo sana, hata bati halipiti, piga alama ndogo ndogo kwa ncha ya tindo kuzunguka kiti. Kila alama inainua chuma kidogo, nacho kinashika pete.

V. Hesi na urefu: hapa usidanganye

Zungusha kofia kwa vidole tu. Ikizunguka mara mbili tatu kisha ikakaza, simama: mistari haipatani. Ukiendelea kwa nguvu utaharibu kofia na uma pamoja. Tafuta kofia na nati zilizotoka na uma ule.

Shingo ikiwa ndefu, ongeza pete bapa chini ya nati, ao ikate kwa msumeno. Kabla ya kukata, tia nati chini ya mahali pa kukata. Ukiisha kukata na kulainisha kwa tupa, toa nati; inapotoka inanyoosha hesi iliyoharibiwa na msumeno.

Shingo ikiwa fupi, hata nati haishiki mistari yote, rudisha uma sokoni. Usiruhusu mtu kuunga kipande juu yake kwa moto. Mahali pa kuunga ndipo patakapovunjika, nawe utakuwa mlimani na mzigo.

VI. Kufunga na kujaribu

Tia grisi safi katika vikombe. Mafuta ya mawese si grisi: yanaganda na kushika vumbi. Panga gololi, funga kofia mpaka uma usicheze, kisha kaza nati huku ukishikilia kofia.

Sasa jaribu. Inua gurudumu la mbele: usukani uanguke wenyewe kuume na kushoto, bila kukwama. Shusha gurudumu, shika breki ya mbele, weka kidole kwenye kikombe cha chini, sukuma kinga mbele na nyuma. Kidole kikisikia mchezo, fungua urekebishe. Mwisho, panda bila mzigo, mahali tambarare. Siku ya pili jaribu tena, kwa maana pete mpya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo.

Ukumbuke: kipande kidogo kifuate uma, wala uma usilazimishwe kufuata kipande. Kiti na pete vinaweza kupatanishwa. Hesi na shingo fupi havipatanishwi. Mwenye kupima asubuhi moja hufika sokoni na mzigo wake, na jioni anarudi kwake.