Kisukari: kwa nini wewe sindano, jirani yako vidonge

Kwenye foleni ya kliniki swali hili halikosekani: mbona sote tuna kisukari, lakini mwenzangu anapewa vidonge na mimi nachomwa insulini kila siku? Wengine huhisi wameonewa, wakaanza kugawana dawa nyumbani. Hapo ndipo penye hatari.

Jibu limo ndani ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kongosho la mtu mzima lina vikundi vya seli vinavyofikia kama milioni moja, viitwavyo visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869. Humo mna seli beta, zinazopima sukari ya damu na kutoa insulini.

Zamani ilidhaniwa seli hizi zote ni sawa. Sivyo. Ni kama vibarua wa shamba moja: baadhi huanza kazi sukari ikipanda kidogo tu, nyingine husubiri ipande sana. Zipo zilizokomaa na zipo changa. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walizigawa seli beta za binadamu katika makundi manne, wakaona kuwa kwa wenye kisukari aina ya 2 uwiano wa makundi hayo umevurugika.

Katika aina ya 2, mwili hauitikii insulini vizuri, basi seli beta hulazimika kufanya kazi kupita kiasi kwa miaka. Baadhi hufa. Nyingine zingali hai ila zimechoka, na hizo bado zinaweza kusaidiwa kwa vidonge, mazoezi na kupunguza uzito. Zikizidi kudhoofika, mgonjwa huhitaji sindano. Si adhabu kwa kukosea masharti.

Aina ya 1 ni tofauti. Kinga ya mwili yenyewe huziua seli beta. Wapo walioishi na ugonjwa huu zaidi ya miaka 50 wakakutwa bado na seli chache, lakini chache hizo hazitoshi. Mgonjwa wa aina ya 1 akiacha insulini anaweza kufariki ndani ya siku chache, na vidonge vya jirani havitamwokoa.

Je, kama huna friji? Utafiti uliotumia vipimo vya joto vya kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha mwaka 2021 kuwa insulini ilidumisha nguvu zake kwa wiki nne, joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Muulize muuguzi kuhusu aina unayotumia, na usiiache juani.