Nyumba ya Marehemu Ikiwa na Rehani

Arobaini ikishapita, ukoo hukaa kugawana mali. Hapo ndipo mambo huharibika, hasa kama hati ya nyumba iko benki. Tuseme nyumba iko Chikongola, mjini Mtwara, na ndugu wamekuja toka Msimbati na Kilambo. Kila mmoja anataja fungu lake, mjomba anakumbusha desturi za Kimakonde, mjane kanyamaza. Hakuna anayeuliza deni limebaki kiasi gani.

Deni hutangulia mirathi. Qur'ani, katika sura ya An-Nisaa, inagawa mafungu baada ya wasia na deni, na sheria ya nchi nayo inamtaka msimamizi wa mirathi alipe madeni kwanza. Kifo hakifuti rehani. Ila deni hilo haliingii mfukoni mwa mtoto: hulipwa kwa mali ya marehemu, na likizidi mali hiyo mrithi hadaiwi, labda awe alijiandikisha mdhamini au mkopaji mwenza.

Kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, pelekeni muhtasari wa kikao cha ukoo Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Aanzie benki, akiwa na cheti cha kifo na barua ya uteuzi. Aombe kwa maandishi taarifa ya deni, kisha aulize bima ya mkopo. Swali hilo la bima nalisisitiza kuliko yote. Mikopo mingi ya benki hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na gharama yake marehemu alikwishakatwa. Madai yakikubaliwa, bima hulipa salio na hati inarudi nyumbani. Familia isiyouliza huweza kumaliza fedha za korosho za msimu mzima ikilipa deni ambalo lilikuwa na mlipaji.

Bima isipokuwepo, ombeni marejesho yapangwe upya; kodi ya wapangaji inaweza kuyabeba. Benki haiuzi kesho yake: Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai notisi ya siku 60, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, mnaweza kuyapinga mauzo hayo mahakamani.

Nawe mjane, kama nyumba ya ndoa iliwekwa rehani bila ridhaa yako, sheria inakupa nguvu ya kuipinga rehani hiyo. Usitie saini karatasi yoyote, ya benki wala ya ukoo, kabla hujasomewa yote na mwanasheria au msaidizi wa kisheria.